Rungu la Mmoja, Deni la Wote



Ni nadra kuipata ploti hapa Langas, tangu Kisumu Ndogo hadi kandokando ya barabara iendayo Kapsabet, isiyokuwa na mtu wa kusimulia jinsi alivyokutana na polisi usiku. Huyu alitoka kazini akachelewa. Yule ni kijana wa bodaboda aliyekataa kutoa mia mbili. Mwingine ni mama aliyekutwa na mtungi wa busaa, na badala ya kupelekwa mahakamani akapelekwa nyuma ya landirova. Visa vinatofautiana, lakini mwisho wao ni mmoja. Mzee fulani huitwa, huketi baina ya pande mbili, pesa kidogo za dawa hutolewa, na mwenye jino lililong'oka huambiwa ashukuru kwamba hakuzikwa. Jambo hili twaliita kumaliza maneno, nasi tumelizoea hata makanisa yetu yanalihesabu kuwa upatanisho.

Katika ukurasa huu twataka kuuliza swali ambalo kumaliza maneno hulizika kila mara: polisi akivunja sheria, ni nani alipaye?

Tuanze na mambo yaliyokwisha kuamuliwa. Mwezi Julai 2010, Mahakama Kuu mjini Nairobi iliwapa ushindi watu 21 walioteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House katika miaka ya themanini na mwanzoni mwa miaka ya tisini. Jaji Hannah Okwengu aliamuru walipwe fidia, kila mmoja kati ya shilingi milioni 1 na milioni 3. Wengi wetu tuliimba siku ile, na tulikuwa na haki ya kuimba. Lakini amri ile ilielekezwa kwa Serikali, na Serikali haina shamba wala mshahara. Fedha zake ni zetu. Waliowazamisha wenzetu katika maji na giza hawakutoa hata ndururu, na baadhi yao walikwisha kustaafu kwa heshima. Aliyeteswa naye, kila anunuapo sukari au mafuta ya taa, huichangia Hazina ile ile inayopaswa kumlipa. Kwa maneno mengine, alijilipia sehemu ya fidia yake mwenyewe.

Hivyo ndivyo ilivyo tangu wakati wa mkoloni. Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9. Tuliwapongeza wazee wetu. Hata hivyo waliolipa ni Waingereza ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati wa Hali ya Hatari.

Sasa tuje kwa jambo ambalo waumini wengi hawalijui, nasi twaomba wachungaji na mapadre walisome mara mbili. Ikiwa wewe, mkazi wa Langas, umeshindwa kesi ya deni la duka la vifaa vya ujenzi, dalali atakuja na amri ya mahakama, apakie kochi lako na televisheni yako, na hakuna wa kumzuia. Lakini ukiishtaki Serikali ukaishinda, dalali hawezi kugusa hata stuli ya ofisi ya chifu. Sheria ya Kesi Dhidi ya Serikali, Sura ya 40, kifungu cha 21, inakataza kabisa mali ya Serikali kukamatwa kwa ajili ya deni la hukumu. Unalopata ni cheti. Utakipeleka cheti hicho kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa mhasibu wa Wizara, kisha utangoja. Usipolipwa, utarudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha Katibu wa Wizara alipe. Akiipuuza amri hiyo, utarudi tena kumshtaki kwa kudharau mahakama. Kila safari ina wakili wake, nauli yake na siku yake ya kuahirishwa. Wako washindi wa kesi za mateso waliozeeka wakiwa wameshika karatasi za ushindi.

Mtu atasema, basi mahakama iwafunge hao wakubwa. Imewahi kujaribu. Tarehe 13 Septemba 2024, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi, Gilbert Masengeli, kifungo cha miezi 6 kwa kukataa mara kwa mara kufika mahakamani kueleza walikokuwa watu watatu waliotekwa Kitengela. Alipofika hatimaye na kuomba radhi, kifungo kiliondolewa. Twakiri kwamba kufika kwake kulikuwa ushindi wa namna fulani. Lakini jiulize ni kijana gani wa Langas angeitwa mahakamani mara saba, akakosa kuja mara zote saba, kisha akaenda nyumbani kwa kuomba radhi.

Upande wa jinai mambo yanasonga, ingawa kwa mwendo wa kobe. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika mwaka 2008 kwamba katika watu 1,133 waliokufa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, 405 walikufa kwa risasi, na ikaona kwamba nyingi za risasi hizo zilitoka katika bunduki za polisi. Hapa Eldoret hatuhitaji tume kutueleza. Langas ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyokumbwa na ghasia, na ua wa kanisa kuu la Katoliki, chini ya marehemu Askofu Cornelius Korir, ulijaa maelfu ya waliokimbia makwao. Watu wetu walikufa kwa mikono ya majirani, na wengine kwa mikono ya waliotumwa kuwalinda. Je, ni polisi wangapi waliofungwa kwa risasi zile? Mjini Kisumu, afisa mmoja alionekana na nchi nzima katika televisheni akiwafyatulia vijana risasi. Mwaka 2010 mahakama ilimwachilia, kwa kuwa nambari ya bunduki iliyoletwa kama ushahidi haikulingana na ya ile iliyosemwa kuwa alipewa siku hiyo. Bunduki zilitunzwa na polisi, daftari la bunduki liliandikwa na polisi, na uchunguzi ukafanywa na polisi. Hatuna la kuongeza hapo.

Kutokana na aibu hiyo ndipo Bunge lilipopitisha mwaka 2011 sheria iliyounda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ambayo wengi huijua kwa jina la IPOA. Tusiidharau. Mwaka 2014, huko Kinango, msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, aliuawa kwa risasi ndani ya nyumba usiku. Mwaka 2016 maafisa wawili walipatikana na hatia ya kuua bila kukusudia, wakafungwa miaka 7. Hukumu hiyo ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 2021 maafisa wanne walipatikana na hatia kwa kifo cha kijana Mwingereza, Alexander Monson, aliyekufa Diani mwaka 2012 baada ya kukaa seli. Twasema kwa masikitiko kwamba familia ya Monson ilikuwa na uwezo wa kuifuata kesi kwa miaka 9, na kwamba si kila mama wa Kwale au wa Uasin Gishu awezaye kufanya hivyo. Malalamiko yaliyofikishwa mbele ya Mamlaka hiyo tangu ianze kazi ni maelfu kwa maelfu, na hukumu zilizopatikana ni makumi machache.

Yuko pia Josephat Mwenda. Vijana wa bodaboda wa mtaa huu watusikilize hapa, kwa maana alikuwa mwenzao. Mwaka 2015, huko Machakos, afisa wa polisi alimpiga risasi akamjeruhi, kisha ikaja juu yake mashtaka ya uongo. Mwenda hakukubali kumaliza maneno. Alipeleka malalamiko IPOA, akapata wakili, Willie Kimani, naye akaendelea kuhudhuria kesi. Tarehe 23 Juni 2016, wakitoka mahakama ya Mavoko pamoja na dereva wao, Joseph Muiruri, wote watatu walitekwa. Miili yao ilipatikana katika Mto Athi. Mwaka 2022 Jaji Jessie Lessit aliwapata na hatia maafisa watatu na mpasha habari wao mmoja, na mwezi Februari 2023 afisa Fredrick Leliman alihukumiwa kifo, na wengine vifungo vya miaka 20 hadi 30.

Hatusimulii kisa hiki ili kuwatisha walio na malalamiko. Twakisimulia kwa sababu kuna watu wema kanisani wanaosema kwa wepesi, “Nenda ukaripoti,” kisha wao hurudi kula chakula cha mchana. Mwenye kuripoti peke yake huenda akaipata hatari peke yake. Akienda na watu 10, na mchungaji wao mbele, na majina yao yakaandikwa, kumtisha huwa kazi ngumu zaidi.

Tuseme sasa juu ya upande wa pili, kwa maana si haki kuwahukumu watu bila kuwasikiliza. Askari wa kawaida wa nchi hii huishi vibaya. Jopo kazi lililoongozwa na aliyekuwa Jaji Mkuu, David Maraga, lililotoa ripoti yake mwaka 2023, lilionyesha waziwazi mishahara duni na makazi ya kufedhehesha. Wako maafisa wanaogawana chumba kimoja kwa pazia, familia mbili. Watoto wao husoma na watoto wetu, na wake zao huimba katika kwaya zetu. Kuna wanaotuuliza: mkimtoza askari huyo fidia ya milioni mbili, si mtakuwa mmewaadhibu watoto wake? Na je, askari mwingine hataogopa kumkimbiza mwizi wa kweli?

Ni maswali ya maana. Kwanza, hatuombi kwamba afisa atendaye kwa nia njema, aliyekosea katika giza na hatari, anyang'anywe kinga yake. Twazungumza juu ya yule ambaye mahakama imempima na kuona kwamba alijua analofanya. Pili, hatuombi alipe zote. Huko Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2020 kwamba afisa aliyekosa nia njema atatoa mfukoni mwake asilimia 5 ya fidia, au dola 25,000, kiasi kitakachokuwa kidogo baina ya hivyo viwili. Kilichobaki hulipwa na mwajiri wake, ili aliyedhulumiwa asikose haki yake kwa sababu mdhulumu ni maskini. Hatulazimiki kuiga kila kitu cha Marekani, ambako polisi wamefanya maovu yao wenyewe. Lakini busara ya sheria hiyo yaeleweka hata kwa asiyesoma. Kiasi kidogo kinachoumiza mfuko wa mtenda humfunza kuliko mamilioni yanayotoka mfuko wa asiyehusika.

Tatu, mshahara duni wa askari ni dhuluma, na twaipinga. Hata hivyo hatujapata kusikia kwamba mshahara duni humpa mwalimu ruhusa ya kumvunja mtoto mkono. Waumini watakumbuka kwamba askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakimwuliza wafanye nini, naye hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kuwatisha watu na kuwanyang'anya, na akawataka waridhike na malipo yao. Na Zakayo (siku hizi jina hili lina utani wake nchini, lakini twamsema yule wa Yeriko), alipotubu aliahidi kurudisha mara nne kutoka katika mali yake mwenyewe. Hakusema kwamba Kaisari ndiye atakayerudisha.

Kwa hiyo twalidai Bunge, na twawadai wabunge wa kaunti hii wasitukwepe, mambo haya. Kifungo cha sheria kinachoifanya Serikali kuwa mdeni asiyeguswa kibadilishwe, na deni la hukumu la mateso liwe na muda wa kulipwa, na riba ikipita muda huo. Fidia itolewe katika bajeti ya Huduma ya Polisi yenyewe na kuandikwa katika hesabu zake, kituo kwa kituo, ili kila mwaka ionekane ni mkubwa gani anayeigharimu nchi kwa marungu ya watu wake. Na afisa aliyethibitika kutenda kwa ukatili achangie sehemu, kwa kukatwa mshahara au kiinua mgongo. Twajua mkato wa pensheni utapingwa vikali. Basi upingwe bungeni, hadharani, tuwaone wanaoupinga.

Lakini kabla ya Bunge kuamka, kuna yaliyokwisha kuandikwa ambayo hatuyatumii.

Katiba ya 2010, Ibara ya 49, yataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, isipokuwa siku ya mwisho ikiangukia wakati mahakama imefungwa. Ibara hiyo hiyo yasema kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, haliruhusu mtu kuwekwa rumande. Dhamana ya polisi ni haki, na fomu ya P3 ni bure; anayekutoza kwa fomu hiyo anakuibia. Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 yampa mtesaji kifungo cha hadi miaka 25, wala haimsaidii kusema kwamba alitumwa na mkubwa wake.

Kuhusu wakati, tafadhali mshike hesabu hii, kwa maana wengi wameangamia hapo. Kesi ya kawaida ya madai dhidi ya Serikali kwa kipigo au kifungo cha haramu lazima ifunguliwe kabla ya miezi 12. Ukikaa mwaka mmoja na siku moja ukingoja wazee wamalize maneno, mlango huo umefungwa. Ombi la haki za kimsingi chini ya Ibara ya 22 halina mpaka wa miezi, lakini mahakama yaweza kukuuliza ulikuwa wapi. Ombi hilo halitozwi ada ya kufungua, na kanuni za 2013 zaruhusu hata barua iliyoandikwa kwa mkono. Mtu mwingine aweza kulipeleka kwa niaba ya asiyeweza. Kikundi cha akina mama chaweza, na kanisa laweza. Tarehe 10 Desemba 2020, wanawake wanne kati ya walalamishi 8 waliofika mahakamani kwa ajili ya ubakaji wa 2007 na 2008 walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Walikuwa wamengoja miaka 12, na mashirika ndiyo yaliyowashika mkono.

Tena, hakuna sheria inayokataza afisa mwenyewe kutajwa kwa jina na nambari yake kuwa mshtakiwa pamoja na Mwanasheria Mkuu. Kinga ile inayolinda viti vya Serikali hailindi viti vya sebule yake. Mawakili wetu wamezoea kumwandika Mwanasheria Mkuu peke yake kwa kuwa ndivyo walivyofundishwa na ndiko ziliko fedha. Twawaomba waiache desturi hiyo pale mtenda anapojulikana.

Ili ajulikane, lazima tuandike. Tarehe na saa. Mahali, kwa jina la ploti. Nambari ya gari. Nambari iliyo begani, na kama ameiziba, andika kwamba aliiziba. Nambari ya kitabu cha matukio, yaani OB. Na wakikataa kukupa, andika nani alikataa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama damu imekauka, na uiweke karatasi ya daktari mbali na nyumba inayovuja. IPOA ina ofisi Eldoret. Si lazima kusafiri Nairobi.

Kumbukeni Paulo kule Filipi. Wakuu wa mji walimpiga viboko hadharani bila kumhukumu, wakamtia gerezani pamoja na Sila, na asubuhi wakatuma watu kumfungulia kimyakimya. Huo ulikuwa ni kumaliza maneno. Paulo, aliyekuwa raia wa Kirumi na akaijua haki yake, alikataa kutoka kwa siri, akataka wakuu wale waje wenyewe kumtoa. Nao walikuja. Hatusomi kwamba aliwachukia, wala hatusomi kwamba aliwapunguzia.

Tunayo makanisa mengi Langas, makubwa na ya mabati, na karibu kila moja lina daftari la sadaka linalotunzwa kwa uaminifu wa kupigiwa mfano. Twaomba kila moja linunue daftari la pili. Achaguliwe mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka, na ikiwezekana awe mama, kwa kuwa yapo mambo ambayo wanawake hawatamwambia mwanamume. Wakili mmoja wa kujitolea aje mara moja kwa mwezi baada ya ibada, aangalie yaliyoandikwa na kutenga yanayokaribia miezi 12. Uchaguzi Mkuu umepangwa kufanyika Agosti 2027, na wasioikumbuka Januari ya 2008 mtaa huu ni watoto tu. Madaftari hayo yawe yamekwisha kuanza kabla ya kampeni kufika.